Sijaiangalia, Naapa

Jumatatu, 2 Agosti 2004. Nachingwea.

Nimefukuzwa bandani. Mara ya tatu mwaka huu! Harithi, mwenye banda la video, amenirudishia kiingilio changu mbele za watu na kuniambia nisirudi mpaka nijifunze kufunga mdomo. Kosa langu? Nimesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yule mwenye ndevu ndiye muuaji. Filamu ya mwaka 1971, jamani. Nimeiona mara nne. Nilikuwa nawasaidia watu wasihangaike.

Halafu huyu Jonasi. Kijana anakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, eti anatafsiri. Kihindi hajui, Kichina hajui, Kiingereza chenyewe cha kuokoteza. Anabuni tu! Leo bibi harusi analia kwa sababu baba yake amekufa, Jonasi akasema analia kwa sababu bei ya korosho imeshuka. Banda zima hoi kwa kicheko. Nikasimama kusahihisha. Hapo ndipo Harithi aliponishika mkono.

Maoni yangu ni haya, na sitayabadilisha. Filamu za zamani zilikuwa na adabu. Adui alisubiri zamu yake ya kupigwa. Mtu akitaka kuimba, mvua ilinyesha kwa wakati. Na vichekesho vya zamani, vile visivyo na sauti wala rangi, mtu alipanda ngazi, akaanguka, akainuka, akaivaa kofia yake, basi. Hakueleza. Siku hizi wanaeleza mpaka kichekesho kinapoa.

Nimekuwa karani wa ghala la korosho miaka ishirini na saba, na watazamaji ninaowaheshimu katika wilaya hii ni wawili. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Mikidadi, fundi cherehani, mtani wangu, mimi Mmwera yeye Mmakonde. Na huyo alihamia Ruangwa na hajanisemesha kwa miaka sita.

Jioni mke wangu Marietha amerudi kutoka sokoni akiwa na Samia, binti wa Mikidadi, aliyekuja kununua nyuzi. Samia anasema baba yake haoni. Mtoto wa jicho. La kushoto limeziba kabisa, la kulia linaona vivuli. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni tarehe kumi na sita, wanapasua bure, na mzee amekataa kwenda. Amemkatalia mkewe. Amemkatalia sheikh. Amemkatalia hata dada yake Swaumu, ambaye hakuna mtu anayemkatalia.

Samia akaniangalia, akasema: "Baba Eva, wewe alikuwa anakusikiliza."

Alikuwa.


Jumanne, 3 Agosti.

Niandike ukweli, maana daftari ni langu na Marietha anasema mwandiko wangu hausomeki.

Mwaka 1974 lilikuja gari la sinema. Wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, wilaya nzima ikakaa chini. Filamu ya Kihindi. Jina lake hatukulijua, sisi tuliiita ya Mama Kipofu. Mama kapotelewa na mtoto gulioni, kalia mpaka macho yamekufa. Miaka inapita. Mtoto amekuwa hakimu, anamhukumu mama yake kwa wizi wa mkate, wala hawajuani. Mama anaomba jambo moja tu, amguse hakimu usoni. Anainua mkono. Unakaribia. Jenereta likazimika!

Likagoma kabisa. Asubuhi gari likaondoka zake.

Mkono ule ulikaa hewani miaka ishirini na minne. Mikidadi aliniuliza juu yake tukiwa shambani, akaniuliza huku anapima suruali za watu. Siku ya harusi yake, amekaa na nguo zake nyeupe, kaniinamia: unadhani alimtambua?

Mwaka 1998 nikaipata kanda yake Masasi. Nikaiangalia kwanza peke yangu, nijue kama ni nzima. Halafu nikamwalika. Alikuja na kanzu ya Idi! Tukaangalia saa mbili na nusu bila kusema neno, na hiyo kwangu ilikuwa mateso makubwa. Mama akainua mkono. Nikamgusa Mikidadi goti nikamwambia: "Anakufa kabla hajamgusa."

Hakunitukana. Aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka, filamu ikiendelea. Mwezi uliofuata akahamia Ruangwa kwa dada yake. Watu wakadhani ni mambo ya shamba.

Najuta. Nimejuta kila siku ya Mungu, na kila ninapoona fundi amejiinamia kwenye cherehani moyo unanichoma. Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa nalijua jambo zuri, na likaniwasha.

Nimeamua. Nakwenda Ruangwa kuomba radhi. Nimeandika hotuba ya kurasa mbili na nitavaa koti la harusi.


Alhamisi, 5 Agosti. Ruangwa.

Aibu. Aibu tupu!

Gari la abiria limeharibika. Nikapata lifti kwenye lori la salfa, unga wa kupulizia mikorosho. Nilikaa juu ya mifuko nikiwa na koti langu, nairudia hotuba. Mifuko miwili ilikuwa imetoboka. Sikujua. Upepo ulikuwa nyuma yetu. Nimeshuka Ruangwa nikiwa wa njano kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Kope za njano. Meno yenyewe ya njano.

Mtu mwenye akili angetafuta maji kwanza. Mimi niliogopa kwamba nikichelewa nitasahau hotuba.

Nimeingia uani kwa Swaumu, watu kama kumi wanabangua njugu mawe. Nikasimama katikati, nikavua kofia, vumbi likaruka. Nikasema nimekuja kwa unyenyekevu, mimi mkosaji, kuomba msamaha kwa mtani wangu Mikidadi kwa maovu niliyomtendea.

Nilisahau jambo moja. Mtani haombi msamaha! Tangu babu zetu mtani anatukana, anachukua kuku wako, anaketi kwenye kiti chako msibani, na hakuna kesi. Mtani akisema anaomba radhi, huo ndio utani mkubwa kuliko wote. Na huyu alikuwa wa njano.

Swaumu akapiga kigelegele. Wengine walijitupa chini. Mama mmoja alinimwagia maji ya kuloweka njugu. Nikafungua ukurasa wa pili na kusoma kwa sauti zaidi, machozi yananitoka kwa ile salfa, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kufa kwa kicheko. Mikidadi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, uso ameuelekeza pembeni kidogo, kama anasikiliza redio ya jirani. Amezeeka. Akauliza kuna nini. Wakamweleza: mtani amekuja kajipaka salfa anaomba radhi. Mikidadi akacheka. Mikidadi! Miaka sita, halafu kicheko kile kile cha kukoroma.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Maisha yangu yote nimewaeleza watu kichekesho kinatakiwa kiweje, na hakuna aliyewahi kunichekea. Leo uwanja mzima! Nilionja. Nikaiweka hotuba mfukoni, nikajifanya naanguka kwenye ngazi. Ngazi haikuwepo. Nikaanguka tena. Nikavaa kofia, vumbi. Nimefanya vituko nusu saa nzima. Nilipomaliza, Mikidadi alikuwa ameingia ndani kuswali.

Sikuomba radhi. Nilikuja kilomita zote zile, na sikuomba.


Ijumaa, 6 Agosti. Ruangwa.

Wamenilaza kwenye chumba cha mbegu. Mtani hafukuzwi.

Baada ya swala ya Ijumaa nimempata Mikidadi peke yake. Alikuwa anapinda upindo wa kanzu kwa kupapasa. Bado mstari umenyooka kuliko wa fundi yeyote anayeona. Nikamwambia kuhusu hospitali. Nikamwambia ni bure, ni dakika chache, wanakutia ganzi husikii. Nikamsimulia hata yule mzee wa Nambambo aliyepasuliwa mwaka jana na sasa anahesabu vifaranga wa jirani.

Akaendelea kushona. Kisha akasema, bila hasira: "Mtani, mimi nilichotaka kukiona nilishaambiwa."

Nimekaa pale. Kumbe ni mimi. Mke na sheikh na dada wote wanabembeleza, na kinachomzuia ni mdomo wangu.

Sasa, mimi nikibanwa huwa nasema kitu. Sijui kinatoka wapi. Nikasikia sauti yangu inasema: "Je, kama nina kanda ya mwisho ya Mpangaji wa Tano?"

Sindano ikasimama.

Mpangaji wa Tano ni kichekesho cha televisheni tulichokipenda mwaka 1996 na 1997. Mfanyabiashara mmoja alikuwa akituletea kanda kutoka Dar kila mwezi, tunaangalia kwa Harithi. Mwenye nyumba bahili, ana vyumba vitano. Wapangaji wanne tunawajua kwa majina na magonjwa yao. Wa tano hajawahi kuonekana. Unasikia kandambili zake tu koridoni, pa, pa, pa, na kodi yake inapita chini ya mlango. Mwenye nyumba anajificha kabatini amwone, anajifunga kamba darini amwone, wapi! Kanda kumi na mbili. Ya kumi na tatu ilikuwa imuonyeshe. Yule mfanyabiashara akahamia Songea na haikuja. Maoni yangu: hicho ndicho kichekesho bora kilichowahi kupita mbele ya macho yangu, ukiondoa vile vicheko vilivyorekodiwa. Sipendi kuambiwa nicheke lini.

Mikidadi akauliza polepole kama nimeshaiangalia.

Nikajibu: "Sijaiangalia, naapa." Na ni kweli! Nitaiangaliaje wakati sina?

Amefikiri mpaka nikasikia njaa. Akasema atakwenda kupasuliwa. Kwa sharti moja. Tuiangalie pamoja, wote wawili kwa mara ya kwanza, wala nisiiguse kabla. Nikampa mkono wangu. Akaushika kwa muda, akasema bado una vidole vya mwizi wa kuku. Alinitukana! Nilitaka kulia.

Sasa nahitaji kanda.


Jumamosi, 7 Agosti. Namungo.

Samia ndiye aliyeniokoa. Anasema Namungo machimboni yupo Dickson, aliwahi kuishi Dar, ana sanduku la kanda za zamani. Nimeazima baiskeli ya Swaumu.

Leo kulikuwa na mpira, Namungo imemwagika uwanjani. Wachimbaji, wauza miwa, mbuzi, wote. Dickson nimemkuta pembeni ya goli, ndiye kocha. Ndiyo, anayo kanda. Ameiweka kwa kuwa mkewe anaipenda. Nikamwambia ni ya mgonjwa. Hakujali. Akawa anaangalia koti langu. Anasema kocha wa Nanganga anavaa koti na marefa wanamsikiliza kwa sababu hiyo, na yeye anasimama pale na singlendi.

Nimempa koti la harusi. Mabega bado ya njano. Alilivaa hapo hapo na kuanza kumfokea mshika kibendera. Na kweli, mshika kibendera akaomba samahani.

Lakini wakati naondoka Dickson akaniita. Kasema ndugu yake aliwahi kurekodi mpira juu ya kanda mojawapo. Hakumbuki ipi. Hakumbuki sehemu gani.

Mungu wangu.


Jumanne, 10 Agosti. Nachingwea.

Kanda iko juu ya kabati. Sijaigusa. Naandika ili ijulikane.

Marietha hajauliza koti liko wapi. Hiyo ni mbaya zaidi.

Jambo linalonitesa ni ule mpira. Hebu fikiria: mtu anapasuliwa jicho, anakaa mbele ya televisheni, mwenye nyumba anafungua mlango wa chumba cha tano, na ghafla kona! Mpira wa kona! Atanizika.

Ni lazima ikaguliwe. Hilo halina ubishi. Swali ni nani aikague.

Marietha amejitolea. Anasema yeye vichekesho havimhusu, ataiangalia huku akichambua mchele, akiona mpira atanitajia, asipouona atanyamaza, na hadithi haitamtoka mdomoni. Wazo lenyewe si baya. Lakini Marietha hajui kutazama. Mwaka 1997 alicheka mchekeshaji alipokuwa anapiga chafya, ambayo haikuwa sehemu ya kuchekesha. Mtu wa namna hiyo atajuaje kama kuna sekunde tano zimekatwa mahali muhimu? Nimemkatalia kwa upole. Akasema: "Haya, Baba Eva." Sipendi akisema hivyo.

Jonasi naye amekuja kutoa rai. Habari zimemfikia, sijui kwa nani. Ana deki yake mwenyewe, yuko tayari kutuazima bure, tena aikague kwa kuiendesha mbio bila sauti. Bila sauti! Kichekesho chenye kandambili! Nimepokea deki, nimekataa ukaguzi.


Jumatano, 11 Agosti.

Nimeiangalia.

Nilikusudia dakika tano za mwanzo. Kisha nikasema dakika tano za mwisho ndizo zenye hatari. Kisha nikaona si haki kuangalia mwanzo na mwisho bila katikati. Marietha alikuwa shambani. Mlango niliufunga kwa kigoda.

Hakuna mpira! Kanda ni nzima kabisa, safi kama ilivyotoka Dar.

Nitauandika mwisho hapa na pasipo hapa sitautaja milele. Mpangaji wa tano ni mke wa mwenye nyumba! Amepanga chumba kwenye nyumba ya mumewe ili apate mahali pa kukaa kimya. Kila siku anabeba kikapu, anaaga anakwenda sokoni, anazunguka nyuma, anavaa kandambili, anaingia chumba cha tano na kulala. Na kodi analipa kwa hela ya mboga anayopewa na mume. Mwenye nyumba amejilipa mwenyewe mwaka mzima! Nimecheka mpaka kigoda kimeanguka. Kikapu chake kipo kwenye kanda zote kumi na mbili, mbele ya macho yetu, na hatukukiona.

Halafu kanda ikaisha, nikabaki naangalia kioo cheusi, na uso wangu ndani yake.

Nilimpa mkono. Alisema nisiiguse.

Lakini hebu tufikirie vizuri. Kosa la 1998 halikuwa kuangalia. Kosa lilikuwa kusema. Nikinyamaza, nimemkosea nini? Hata hajui. Atafurahi, nitafurahi, jicho limepona. Nitanyamaza kama gogo.


Jumanne, 17 Agosti. Hospitalini.

Wamemfungua bandeji asubuhi. Jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye mwakani.

Tulikuwa tumesimama mimi, Samia na Swaumu. Nesi akamwambia afumbue polepole. Alifumbua. Akamwona Samia, akamtaja jina. Akamwona Swaumu, akamwambia amenenepa. Kisha akaniona mimi. Akaniangalia muda mrefu, juu mpaka chini.

Akasema: "Hivi kumbe hii sura ndiyo niliyokuwa naikumbuka? Bora wangeniacha."

Swaumu alilia. Mimi nikaenda nje kujifanya natafuta maji. Miaka sita! Nilikuwa nimeukosa ule utani wake kuliko nilivyojua. Mtu akikutukana kwa jicho jipya namna ile, unajua amekurudisha moyoni.

Dada wa zamu amenishukuru, anasema wengi hukataa, nani alimshawishi? Nikasema ni mimi. Sikujisikia vizuri kama nilivyotarajia.

Nikataka kumwambia ukweli pale pale. Nimeiangalia, mtani, nisamehe. Lakini alikuwa anaangalia mikono yake, anaigeuzageuza, anahesabu vidole. Nikasema kesho.


Alhamisi, 19 Agosti. Nachingwea.

Mikidadi yuko kwetu mpaka daktari amwone Jumatatu asubuhi hapa mjini. Marietha amempa chumba cha mbele. Ametunga uzi kwenye sindano mara kumi na moja bila sababu, kila mara anamwita mtu aje kuona.

Amekumbuka yote. Mpangaji wa kwanza na gauti lake, wa tatu na kuku wake chumbani. Ana makisio yake: mpangaji wa tano ni ndugu pacha wa mwenye nyumba. Ameniuliza mimi nakisia nani. Nikasema labda askari. Nilisema nikiangalia miguu yangu.

Marietha alikuwa anapakua. Akaniangalia. Anajua! Aliona kigoda kimevunjika mguu.

Baadaye kanifuata jikoni, kaniambia nimweleze mwenyewe kabla ya Jumapili, atakasirika siku moja, yataisha. Nikamwambia hajui wanaume wa sinema. Akasema: "Haya, Baba Eva."

Nimefanya mazoezi ya kunyamaza. Nimekaa mbele ya ukuta nusu saa.


Jumapili, 22 Agosti.

Nitaandika kama ilivyotokea.

Tuliweka televisheni mezani baada ya chakula cha mchana. Mikidadi amevaa kanzu na miwani myeusi ya hospitali, baadaye akaivua, daktari aliruhusu kwa saa moja. Samia yupo. Jonasi amekuja kufunga nyaya, akabaki, nikamwonya asitafsiri, ni Kiswahili. Marietha alikaa na ungo wa mchele.

Mimi nilikuwa gogo. Naapa. Mwenye nyumba alipopanda darini, kimya. Mpangaji wa tatu alipouza kuku, kimya. Mikidadi anakoroma kwa kicheko, ananipiga mgongoni, ananigeukia kuona kama na mimi nimeona. Nikawa nacheka pale wanapocheka wote, nachelewa kidogo kwa usalama. Dakika thelathini nzima. Sijawahi kuwa mtazamaji mwema hivyo maishani mwangu. Nikaanza hata kujisifu kimoyomoyo.

Halafu mke wa mwenye nyumba akachukua kikapu.

Basi. Hicho tu. Mwanamke kachukua kikapu ukutani, anaaga anakwenda sokoni, kama alivyofanya kanda zote. Hakuna kitu cha kuchekesha. Hata vile vicheko vyao vya kurekodi vilikuwa kimya. Chumba chetu kimya. Na mimi nikacheka!

Ilinitoka tu, kwa nguvu, kupitia puani. Nikajifanya nakohoa. Marietha akaacha kuchambua mchele.

Mikidadi hakugeuka haraka. Aliendelea kuangalia kioo kidogo, yule mwanamke anatoka mlangoni na kikapu chake. Kisha akageuza kichwa, akaniangalia kwa jicho lake la siku tano. Akasema polepole:

"Kumbe ni mkewe."

Sikusema neno hata moja, ningeweza kuapa mahakamani! Nimemaliza hadithi yote bila kufungua mdomo.

Mikidadi alikaa mpaka mwisho. Hilo ndilo limeniumiza. Safari ile ya kwanza aliondoka, nikaweza kumkasirikia kidogo. Leo alikaa kwa heshima, mikono magotini, na mke alipovaa kandambili na Jonasi na Samia wakaanguka kwa kicheko, yeye alitabasamu kama mtu aliyekaribishwa chakula ambacho ameshakula. Kanda ikaisha. Akavaa miwani yake.

Nilimwambia nilikuwa nakagua mpira. Nilimweleza kuhusu Dickson, ndugu yake Dickson, koti. Akasikiliza yote. Akasema ameelewa. Kisha akasema hakuwa na haja kubwa ya kumjua huyo mpangaji. "Nilitaka tusijue wote wawili."

Ningeweza kumwachia Marietha. Ningeweza kusema ukweli Jumanne, au Alhamisi. Njia zote hizo zilikuwa wazi, na mimi nikapita ukutani.


Jumatatu, 23 Agosti.

Daktari amesema jicho ni zuri sana. Nimemsindikiza Mikidadi na Samia stendi, nimembebea mfuko.

Nilisubiri anitukane. Nilimpa nafasi zote! Nilijikwaa kwenye ngazi ya basi, hakusema kitu. Nilivaa kofia upande. Nilimwambia nywele zangu zimekwisha, anaonaje kwa jicho jipya? Akasema nimezeeka vizuri.

Kisha akanipa mkono na kusema: "Ahsante sana, Bwana Eustakio. Mungu akulipe kwa wema wako. Msalimie shemeji."

Bwana Eustakio! Miaka thelathini sijawahi kuitwa hivyo na Mikidadi. Nimekuwa mwizi wa kuku, nimekuwa mla panya, nimekuwa nyani wa ghala. Leo nimekuwa bwana, kama mtu wa benki. Aliketi dirishani, akaangalia mbele kwa adabu mpaka basi likaondoka. Nimesimama pale na vumbi lake. Mtani akianza kukuheshimu, huna tena mtani.

Nimerudi nyumbani na kuwaza mchana kutwa. Nimejichunguza bila kujionea huruma. Marietha anasema jambo liko wazi, hata mtoto angelielewa. Nimemwambia asinieleze, niligundue mwenyewe.

Na nimeligundua! Kosa langu lilikuwa kuiangalia mara moja tu. Kicheko kilikuwa bado kibichi. Nimemwandikia Dickson barua, nimeulizia kanda nyingine, kichekesho chochote cha zamani ambacho Mikidadi hajaona mwisho wake. Nimemwambia viatu vyangu vya harusi bado vipo. Nikiipata nitaiangalia mara kumi, kumi na tano, mpaka kicheko kinikauke kabisa nisicheke popote, halafu ndipo nitakapomwalika.